Diski Zilizodhaniwa Kuwa Huru

Wiki moja kabla ya muhula mpya kufunguliwa, alinijia ofisini mwalimu mmoja wa sekondari ambaye miaka ya nyuma alikuwa mwanafunzi wangu. Alikuwa amesafiri kwa basi usiku kucha. Mwajiri wake alimtaka awasilishe matokeo yake yote ya shahada ili apandishwe daraja, na ofisi ya kumbukumbu ya chuo nilichokuwa nikifundisha wakati huo ilikuwa imemjibu kwa mara ya tatu kwamba mfumo una hitilafu, arudi baadaye.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Hakukaa. "Mwalimu, nimeambiwa mimi sipo."

"Hupo vipi?"

"Kwenye kompyuta. Wanasema kwa miaka ile miwili hakuna mtu aliyesoma hapa."

Nilicheka kwanza, kisha nikaona kwamba yeye hacheki. Siku ile ndipo nilipojua kwamba seva iliyohifadhi matokeo ya wanafunzi wetu ilikuwa imekufa, imefufuliwa nusu, na kwamba watu kadhaa katika jengo la utawala walikuwa wanalijua jambo hilo kwa muda wa miezi miwili bila kulisema. Fani yangu ni historia, si kompyuta. Lakini mwanahistoria akiambiwa kumbukumbu zimepotea hana budi kuuliza zilihifadhiwaje, nani alizilinda, na ulinzi huo ulitengenezwa dhidi ya adui gani. Swali hilo la mwisho lilinirudisha nyuma sana kuliko nilivyotarajia.

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilileta mashine iliyoitwa RAMAC, yenye diski 50 zilizopangwa juu ya mhimili mmoja, na zote kwa pamoja zilibeba herufi milioni tano. Leo picha moja ya simu hulingana na mzigo huo. Kwa miongo mitatu iliyofuata, kumbukumbu za serikali na mabenki ya nchi tajiri zilikaa juu ya diski kubwa, chache, za bei ya kutisha, na diski moja ikifa kazi ya idara nzima husimama. Wahandisi walianza mapema kutafuta namna ya kuishi na kifo hicho. Mwaka 1978, Norman Ken Ouchi wa IBM alipewa hataza nchini Marekani kwa mfumo wa kurejesha data iliyokuwa katika kifaa cha hifadhi kilichoharibika. Kumbe hoja ya kurejesha kilichopotea ilikuwepo tangu mwanzo, kabla hata teknolojia yenyewe haijapata jina.

Jina lilipatikana Berkeley, California. David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz waliandika makala mwaka 1987 na kuiwasilisha katika mkutano wa wataalamu wa hifadhidata mjini Chicago mwaka uliofuata. Hoja yao ilikuwa na ladha ya kimapinduzi, nami kwa kazi yangu siwezi kuacha kuliona hilo. Kompyuta ndogo za mezani zilikuwa zimeleta sokoni diski ndogo za megabaiti 100, za bei nafuu. Kwa nini kumtegemea jitu moja la gharama, walihoji, ilhali vijitu vingi vya bei rahisi vinaweza kuungana vikafanya kazi hiyohiyo, na kwa kasi zaidi? Wakaziita safu hizo RAID. Herufi ya tatu katika jina hilo ilisimama badala ya neno la Kiingereza inexpensive, yaani za bei rahisi.

Tatizo walilieleza wenyewe, bila kulificha. Diski moja ilikadiriwa kudumu saa 30,000 kabla ya kuharibika. Ukiweka diski 100 pamoja, ya kwanza kufa itakufa, kwa wastani, baada ya saa 300, ambazo hazitimizi wiki mbili. Umoja bila utaratibu, kwa hiyo, ni udhaifu. Dawa waliyoipendekeza ni kutenga sehemu ya safu kwa ajili ya taarifa za ziada zitakazowezesha kilichopotea kukokotolewa upya, na wakaainisha mipango mitano ya kufanya hivyo. Wa kwanza ni wa diski pacha, kila moja na mwenzake. Wa tano, ambao ndio uliokuja kuenea maofisini, ni wa hesabu.

Hesabu yenyewe inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kucheza upatu. Wanachama watatu wametoa 3,000, 5,000 na 4,000, na mweka hazina ameandika jumla, 12,000, chini ya ukurasa. Chai ikimwagikia mstari wa pili ukafutika, hakuna ugomvi: toa 3,000 na 4,000 katika 12,000, utapata alichotoa wa pili. Chai ikifuta mistari miwili, utabaki kujua tu kwamba wawili hao kwa pamoja walitoa kiasi fulani. Nani alitoa kingapi, daftari haliwezi kukuambia tena. Kompyuta haitumii kujumlisha kwa namna hii hasa, lakini mantiki ni hiyohiyo, na katika mpango wa tano zile jumla hutawanywa kwenye diski zote ili isiwepo moja inayobeba mzigo wa ulinzi peke yake. Diski moja ikifa, zilizobaki huendelea kuhudumia watu huku zikikokotoa sehemu ya marehemu. Ikiletwa mpya, hujazwa kwa hesabu hiyohiyo. Ni kazi nzuri ya akili, na imeokoa mambo mengi ambayo hatutayasikia kamwe, kwa sababu kilichookolewa kimyakimya hakiandikwi magazetini.

Sasa tazameni kilichotokea kwa lile neno. Teknolojia ilipoingia viwandani na kuanza kuuzwa kwa taasisi kubwa, "za bei rahisi" likaondolewa katika jina, na mahali pake pakawekwa neno jingine lenye herufi ileile ya mwanzo: independent, yaani zilizo huru, zisizotegemeana. Si vigumu kukisia kwa nini muuzaji wa kabati la mamilioni asingependa jina la bidhaa yake liseme ni rahisi. Lakini neno jipya lilikuja na ahadi ambayo haikuwa imethibitishwa. Hesabu ya Berkeley ilikuwa imechukulia, kwa ajili ya kurahisisha, kwamba kifo cha diski moja hakihusiani na kifo cha nyingine. Kilichokuwa dhana ya hesabu sasa kikawa jina la biashara.

Mwaka 2007 Garth Gibson, mmoja wa wale watatu wa mwanzo, pamoja na Bianca Schroeder, walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za diski zipatazo 100,000 zilizokuwa kazini katika vituo halisi. Nyaraka za watengenezaji zilidai uharibifu usiozidi asilimia 0.88 kwa mwaka. Vituoni, diski zilikuwa zikibadilishwa kwa kiwango cha kati ya asilimia 2 na 4 kwa kawaida, na katika baadhi ya mifumo kilifika asilimia 13. La maana zaidi kwa hoja yangu ni kwamba vifo havikuwa huru. Diski moja ikibadilishwa leo, uwezekano wa nyingine kufuata karibuni ulikuwa mkubwa kuliko hesabu ya zamani ilivyodai. Jambo hili halishangazi mtu aliyeingia kwenye chumba cha seva. Diski za safu moja mara nyingi hununuliwa siku moja, zimetoka kiwanda kimoja katika shehena moja, hupata joto moja, mtikisiko mmoja, na umeme huohuo unaokatika na kurudi kwa kishindo. Zimezaliwa pamoja na zimeteseka pamoja.

Chumba cha seva cha chuo chetu kilikuwa stoo ya vifaa vya kuandikia. Kiyoyozi kilizimwa Ijumaa jioni kwa agizo la kubana matumizi na kuwashwa Jumatatu. Seva ilikuwa na diski nne katika mpango wa tano. Moja ilikufa mapema, taa ya njano ikawaka na kengele ikaanza kulia. Kwa kuwa mfumo uliendelea kufanya kazi, kengele ilizimwa na taa ikabandikwa kipande cha karatasi kwa selotepu, kwa maelezo kwamba ilikuwa inawasumbua watu waliokaa karibu. Maombi ya diski mpya yalipita katika ngazi zake za ununuzi kwa wiki kadhaa. Diski ilipofika na kuwekwa, safu ikaanza kuijaza, jambo ambalo hulazimu diski zote zilizobaki kusomwa kutoka mwanzo hadi mwisho bila kupumzika. Katikati ya usomaji huo, ya pili ikasimama. Wataalamu wanasema huu ndio wakati wa hatari kuliko wote, kwa sababu wagonjwa waliobaki hulazimishwa kubeba jeneza.

Je, nakala rudufu hazikuwepo? Zilikuwepo. Kila usiku saa nane programu ilinakili matokeo yote kwa uaminifu kamili, na kuyaweka katika folda nyingine ya seva hiyohiyo.

Baada ya siku tatu za simu na vikao, chuo kilimwita fundi kijana aliyekuwa na karakana ndogo ya kurejesha data. Nilipopata habari nilikwenda kumtazama akifanya kazi, nikamwomba anieleze. Jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ni kutofanya. Hakubonyeza kitufe cha kujenga upya safu. Hakuziwasha diski ndani ya seva tena. Alizichomoa, akaandika namba ya nafasi ya kila moja kwa kalamu ya wino mzito, kwa sababu mpangilio ukipotea kazi huongezeka mara nyingi. Kisha akainakili kila diski nukta kwa nukta kwenye diski nyingine nzima, kupitia kifaa kinachozuia chochote kuandikwa kwenye ile ya asili. Ile iliyokuwa inakufa aliinakili kwa programu inayochukua kwanza maeneo yanayosomeka kwa urahisi na kuyaacha yenye majeraha hadi mwisho, maana diski inayokata roho haifai kulazimishwa kusoma mahali pabaya kabla haijatoa pazuri.

Baada ya hapo kazi yote ilifanyika juu ya nakala. Alitafuta ukubwa wa vipande ambavyo data ilikuwa imegawanywa, utaratibu ambao zile jumla zilizunguka kutoka diski hadi diski, na hesabu ya matukio iliyoandikwa ndani ya kila diski, inayoonyesha ipi ilitoka kazini kwanza. Hili la mwisho ni muhimu. Diski iliyokufa wiki nyingi kabla ina habari za zamani. Ukiirudisha safuni kana kwamba haijawahi kuondoka, itachanganya ya jana na ya leo, na faili litakalotoka litakuwa na sura ya kweli na maudhui ya uongo. Nilimwambia kwamba katika fani yangu tunaliita tatizo hilo uhakiki wa vyanzo. Akatabasamu kwa heshima na kuendelea na kazi.

Alifanikiwa kurejesha karibu kila kitu. Kilichomshinda hakikutokana na diski. Katika zile siku tatu kabla ya kuitwa kwake, mtu fulani ofisini, akitaka kusaidia, aliirudisha safuni kwa nguvu ile diski ya zamani, akaamuru kompyuta ikague mafaili na kuyarekebisha. Kompyuta ilitii. Ilirekebisha majedwali ya miaka miwili hadi yakawa matupu. Miaka hiyo ndiyo aliyosoma yule mwalimu.

Nilipokuwa nikilaumu uzembe wetu, nilikumbuka kisa cha Alaska, nacho kilinipunguzia hasira kidogo. Jimbo hilo la Marekani huwagawia wakazi wake kila mwaka gawio kutoka mfuko wa mapato ya mafuta, uliokuwa na thamani ya dola bilioni 38 wakati huo. Julai 2006, fundi wa idara ya mapato akiwa katika matengenezo ya kawaida alifuta kwa bahati mbaya diski yenye taarifa za waombaji. Kisha ikafutwa kimakosa na diski ya nakala rudufu. Wakakimbilia ngome ya tatu, kanda za sumaku, wakakuta hazisomeki. Picha zipatazo 800,000 za fomu na vielelezo, vikiwemo vyeti vya kuzaliwa na uthibitisho wa ukazi, zilitoweka. Kazi ya miezi tisa. Kilichobaki ni karatasi zenyewe, zilizokuwa zimekaa katika maboksi zaidi ya 300. Watu wapatao 70 walifanya kazi jioni na mwishoni mwa wiki kuziingiza upya, wakamaliza mwishoni mwa Agosti, na malipo yakatoka kwa wakati. Idara iliomba zaidi ya dola 200,000 kufidia gharama. Lililonigusa zaidi ni kwamba viongozi wa idara hawakumtafuta wa kumtupia lawama. Kwetu tulimpata haraka sana, akiwa mtu wa ngazi ya chini kuliko wote waliokuwa wamesaini.

Australia nayo, Desemba 2016, iliona mamlaka yake ya kodi ikisimama kwa siku kadhaa baada ya mfumo wake mkuu wa hifadhi kuanguka. Katika diski zipatazo 800 zilizokuwemo, zilizoharibika ni 12 tu. Data za walipa kodi zilipona. Lakini uchunguzi ulibaini, pamoja na mengine, kwamba baadhi ya zana za kurejeshea mfumo zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya mfumo uleule ulioanguka. Niliposoma hivyo nilikumbuka ile folda yetu ya saa nane usiku. Nchi tajiri na chuo maskini walikuwa wamefungia ufunguo wa akiba ndani ya nyumba ileile.

Kisa cha Korea Kusini ni kizito zaidi, hasa kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu. Tarehe 26 Septemba 2025, betri ziliwaka moto katika kituo cha serikali cha data mjini Daejeon. Mifumo zaidi ya 600 ilizimwa, na 96 iliathiriwa na moto moja kwa moja. Miongoni mwa iliyoteketea ni hifadhi ya pamoja ya watumishi wa serikali, yenye terabaiti 858, ambayo haikuwa na nakala nje ya kituo kwa maelezo kwamba ilikuwa kubwa mno. Watumishi walikuwa wameelekezwa kuweka kazi zao humo badala ya kuziacha kwenye kompyuta za mezani, na wizara inayoshughulikia utumishi, iliyotii agizo hilo kwa ukamilifu kuliko nyingine, ndiyo iliyoumia zaidi. Safu za diski haziwezi kujibu lolote mbele ya moto. Zilitengenezwa dhidi ya adui mmoja, kifo cha diski, na sisi tukazikabidhi vita vyote.

Hapa naomba niseme jambo ambalo wenzangu wa TEHAMA watanivumilia. Kila serikali mtandao inapozinduliwa, tunaonyeshwa mfumo unavyoingiza taarifa. Sijawahi kuhudhuria uzinduzi ambapo mtu alizima seva mbele ya mgeni rasmi, akafuta diski, kisha akarejesha rekodi ya mwananchi mmoja kutoka mahali pengine huku tukimtazama. Mwananchi ambaye rekodi yake imepotea hana chombo cha kukatia rufaa, maana kila chombo kitaanza kwa kumwomba ile rekodi. Atatakiwa athibitishe kwa gharama yake, nauli yake na likizo yake bila malipo, jambo ambalo dola iliahidi kulikumbuka kwa niaba yake.

Kwetu aliyekuwa ameiweka akiba nje ya nyumba ni mama mmoja wa masjala aliyekaribia kustaafu. Aliwahi kuagizwa achome mafomu ya zamani ya alama ili kupunguza msongamano, akaona ni dhambi, akayapeleka katika chumba cha nyuma cha maktaba. Humo tulipata sehemu kubwa ya miaka ile miwili. Masomo machache hayakuwepo, likiwemo langu, kwa sababu katika mwaka mmojawapo nilichelewa kupeleka fomu na kuingiza alama moja kwa moja kwenye kompyuta. Nilisifiwa wakati ule kwa kwenda na wakati.

Nilikwenda nyumbani kutafuta daftari langu la alama. Lilikuwa chini ya boksi la vitabu, limelowa mvua ya paa lililovuja. Nilifungua kurasa moja moja kwa kisu cha mezani. Katika mstari wa yule mwalimu, alama ya mtihani ilikuwa imefutika, lakini ya kazi za darasani ilisomeka, 27, na jumla pia, 68. Nikatoa. Niliandika barua ya kuthibitisha alama ya mtihani kuwa 41, nikaeleza nilivyoipata, nikaambatanisha picha ya ukurasa, na baada ya vikao viwili ikakubaliwa. Alipandishwa daraja mwaka uliofuata.

Katika ukurasa huohuo walikuwepo vijana wawili wengine ambao maji yalifika hadi kwenye safu ya jumla. Kwa mmoja nilisoma alama ya kazi tu, kwa mwingine sikusoma kitu. Nilipeleka majina yao katika barua ileile. Nilipoondoka chuoni pale, suala lao lilikuwa bado kwenye ajenda.